Javeli mu chupa ya maji: nani atajibu?

Vijana wenzetu wa Beni, Butembo, Oicha na Kasindi, na ninyi wote wenye kutufuata kutoka Goma, Bukavu, Bunia na Kisangani,

Tunajua kama wamoja watatuuliza: watu wanauawa mu mashamba, barabara zimefungwa, na ninyi munaandika juu ya javeli? Ndiyo, leo tunaandika juu ya javeli. Mutoto mwenye kunywa sumu akizani ni maji, mbele ya mama yake, saa sita ya muchana, naye ni mutoto wa hii inchi. Na kwa yeye hatuhitaji kungojea mazungumuzo ya amani yaishe mu inchi ya mbali. Kazi ya kumulinda inaweza kuanza wiki hii, hapa kwetu, na hakuna mukubwa mwenye anaweza kutuambia kama hana bajeti ya kuandika neno moja juu ya chupa.

Muende soko yoyote ya muji wetu. Muangalie zile meza ndogo za sabuni, Omo, brashi na karatasi ya choo. Pembeni kuko chupa za maji za litre moja na nusu, chupa za jus, chupa ndogo za soda. Etiketi ya zamani wakati ingine bado iko juu: maji safi ya mulima, ao muchoro wa nanasi. Ndani kuko kitu cha rangi ya manjano kidogo sana, karibu sawa maji. Hakuna jina, hakuna kipimo, hakuna tarehe, hakuna jina la mwenye kuitengeneza. Munuzi anauliza: "Iko na nguvu?" Mwenye kuuzisha anajibu: "Iko na nguvu sana, mama." Na hiyo ndiyo etiketi yetu.

Nguvu gani? Hapo njo tunapenda kukaa kidogo, juu wengi wetu tulisoma hizi vitu mu masomo na tukaviacha mu kaye.

Javeli ilipata jina lake ku kijiji cha Javel, kando ya Paris, kwenye mwanachemia Berthollet na wenzake walitengeneza hiyo maji mu mwisho wa karne ya 18 kwa kufanya vitambaa kuwa vyeupe. Kitu chenye kufanya kazi ndani yake kinaitwa ipokloriti ya sodiamu. Inaua mikrobe kwa njia ya kuichoma. Haina macho ya kutofautisha mikrobe ya ku sakafu na nyama laini ya mu koo ya mutoto. Ile yenye kuuzishwa mu butiki kwa inchi zenye kutumia Kifaransa, mara mingi inaandikwa digri. Ya digri 12 iko na klori karibu gramu 38 mu litre moja. Ya digri 48 iko na mara ine ya hiyo: gramu 150 na zaidi. Kwa macho, zote mbili zinafanana. Harufu nayo haitakusaidia kupima. Sasa mutu ananunua ile ya nguvu mu bidoni kubwa, anaongeza maji kwa kukadiria, anajaza mu chupa. Leo ameongeza maji mingi, kesho kidogo. Mama mwenye alizoea kuweka kifuniko kimoja mu ndoo anaendelea kuweka kifuniko kimoja.

Na kuko mabaya ya upande ingine yenye watu hawasemake. Javeli inakufa. Jua, joto na siku vinaiharibu. Ile chupa yenye kuonekana ndani, yenye imekaa mezi mbili juu ya meza ku jua, inaweza kuwa imebaki karibu maji ya chumvi tu. Familia yenye kuko mugonjwa wa kolera inasafisha sakafu nayo na inalala kwa amani, na mikrobe nayo inalala kwa amani. Kwa hiyo, bila etiketi, unanunua ao sumu kali kuliko vile unafikiri, ao maji ya bure kwa bei ya dawa.

Tunaomba musituelewe mubaya. Hatuko kinyume cha klori. Hapa Kivu ya Kaskazini mutu mwenye kusema klori ni mubaya tu, hajue historia ya kwetu. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi walipojaa Goma na kando yake, watu karibu 50,000 walikufa mu muda wa mwezi moja tu, wengi kwa kolera na kuhara damu. Maji safi ingekuwako, wengi sana wangeishi. Na mpaka leo, Goma, ku kando ya ziwa, munaona wale wenye kusimama na seringe na chupa ya klori: mutu anateka maji mu bidoni yake ya litre 20, anapita mbele yao, wanaweka kipimo kimoja, bure, na kumuambia angojee mbele ya kunywa. Angalieni vizuri huo mufano. Kuko mutu mwenye alifundishwa. Kuko seringe, maana yake kuko kipimo. Klori ile ile, yenye inaua mutoto mu nyumba, pale inaokoa kartie nzima. Tofauti ni seringe.

Kwa maji ya kunywa, OMS inasema klori yenye kubaki isipite miligramu 5 mu litre moja. Javeli ya digri 12, yenye wengi wanaita ya kawaida, iko na miligramu 38,000. Ni zaidi ya mara 7,000. Tunaandika hiyo hesabu juu bado kuko watu mu kartie wenye kumimina javeli ya soko mu maji ya kunywa "kidogo tu", kwa jicho.

Hiyo jicho ilitoka wapi? Tuseme ukweli: sehemu kubwa ilitoka ku Ebola.

Tarehe 1 ya mwezi wa nane 2018 serikali ilitangaza ugonjwa kule Mangina. Ulitangazwa kuisha tarehe 25 ya mwezi wa sita 2020. Mu hizo miezi, watu 3,470 waligonjwa na 2,287 wakakufa. Hakuna mutu wa Beni ao Butembo mwenye alisahau. Klori ilikuwa mahali pote: ku mulango wa kanisa, ya masomo, ya banki, ku barriere, ku kituo cha wamotari. Tulinawa mpaka ngozi ya mikono ikapasuka. Kulikuwa maji ya aina mbili. Ya mikono ilikuwa ya 0.05 kwa 100. Ya sakafu, ya damu, ya matapishi na ya maiti ilikuwa ya 0.5 kwa 100, maana yake mara kumi zaidi. Ukitumia unga wa klori wenye nguvu ya 70 kwa 100, ule wenye tulizoea kuita HTH, kijiko kimoja cha kula (karibu gramu 15) mu litre 20 kinakupa maji ya mikono. Kijiko kile kile mu litre 2 kinakupa maji ya damu. Kijiko kimoja, ndoo mbili, kazi mbili zenye hazifanane hata kidogo.

Sasa tuulize: nani alifundisha hii mu familia? Wale wa mu lupitali walijua. Wale wenye kuvaa kombinezoni walijua. Walifika mu nyumba ya watu wetu na pompe ku mugongo, wakapulizia ukuta, kitanda, sufuria, wakabeba magodoro wakaenda kuyachoma, wakaondoka. Mwenye nyumba alibaki na macho yenye kuwaka na funzo moja tu mu kichwa: hiki kitu kina nguvu, kiuwe kila kitu. Redio iliimba "nawa mikono" kila saa. Haikuimba kijiko na litre. Kisha ugonjwa ulirudi Butembo mu mwanzo wa 2021, ukarudi Beni mu mwisho wa ule mwaka, Covid ikiwa hapo katikati, na kila mara klori iliingia na ma-jeep. Ma-jeep yalipoondoka, unga ulibaki mu soko. Kipimo kiliondoka na wenye kombinezoni.

Hata ile kupulizia, OMS yenyewe iliandika mu mwezi wa tano 2020, juu ya Covid, kama kupuliziza mutu dawa ya kuua mikrobe haikubaliwe kwa hali yoyote, hata ndani ya kabini, na kama kupulizia ndani ya nyumba kila mara haishauriwe: inafaa kupangusa kwa kitambaa chenye maji ya dawa. Ni watu wangapi kwetu walipata hiyo habari? Ku WhatsApp tulipata video ya rais wa Marekani, tarehe 23 ya mwezi wa ine 2020, mwenye kuuliza mbele ya kamera kama hawawezi kuingiza dawa ya kuua mikrobe ndani ya mwili. Hiyo ilifika haraka. Tulicheka, lakini mu kartie yetu wenyewe kuko wenye kuogesha mutoto wa upele na javeli, kuko dada zetu wenye kuambiwa wajioshe nayo sehemu za siri "kusudi isinuke", na kuko wachungaji wa uongo wenye kunywesha watu matone yenye kuitwa ya ajabu, yenye kwa kweli ni maji ya kufanya vitambaa vyeupe. Hakuna yenye iko dawa mu hayo yote. Inachoma tu.

Tuseme namna inafanya mu nyumba, juu nyumba zetu tunazijua. Chumba moja ao mbili, dirisha ndogo yenye inafungwa kwa sababu ya mwizi, choo nyuma ya nyumba ao mu kona, bila hewa. Mama anasafisha choo. Anaweka kwanza ile asidi ya kutoa uchafu wa manjano, anaona haitoshi, anaongeza javeli kusudi iwe na nguvu mara mbili. Hapo hapo inatoka gazi ya klori. Ni ile gazi yenye Wajerumani walifungulia juu ya waaskari mu vita kando ya Ypres, kule Ubelgiji, tarehe 22 ya mwezi wa ine 1915. Hatuzidishe maneno: mu choo yetu ni kidogo kuliko kule, lakini ni gazi ile ile. Na iko nzito kuliko hewa. Inashuka chini. Chini njo kwenye mutoto anatambaa. Mama mwenye kusimama anakohoa, mutoto mwenye kukaa ku sakafu anapata mara mingi zaidi, na mapafu yake ni madogo.

Si asidi peke yake. Ndimu na vinegre navyo ni asidi, vinafanya vile vile, polepole. Mukojo wenye umekaa mu choo ao mu ndoo ya usiku una amonia, na javeli juu yake inatoa gazi ingine yenye kuchoma macho na kifua. Maji ya moto nayo inaharakisha moshi kutoka. Kwa hiyo javeli inapenda maji ya baridi, peke yake, mulango wazi. Wale wenye kuchanganya na Omo, na asidi, na parfe ya nyumba, wakifikiri wanatengeneza dawa kali, wanatengeneza kitu chenye hata wao hawajue jina lake.

Na nani anasafisha? Wanaume wa hii mouvement, tusijifiche. Ni mama, ni dada, na ni wale mabinti wa miaka 14 ao 15 wenye kutoka kijijini juu ya vita na kutumika mu nyumba za watu kwa franka ya kuhurumia. Wanaosha choo kila siku, bila mipira ya mikono, na dirisha imefungwa juu bosi anaogopa vumbi. Mu mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Bergen, kule Norvege, walitoa matokeo juu ya watu zaidi ya 6,000 wenye walifuatiliwa miaka karibu 20 mu inchi mbalimbali za Ulaya. Wanawake wenye kusafisha kwa dawa, ku kazi ao ku nyumba, mapafu yao yalipoteza nguvu haraka kuliko wanawake wenye hawafanye hiyo kazi. Na kule nyumba ziko na madirisha, na chupa ziko na etiketi. Binti mwenye kukohoa mwaka muzima hapa kwetu anaambiwa ni baridi ya Butembo.

Juu ya ile ya kunywa, tunajua familia moja mu kartie moja, na tunaamini kila mwenye kusoma hii anajua ingine. Mutoto alikuwa na miaka mitatu. Baba alitoka kazini na kiu, mutoto akaona baba anakunywa ku chupa, naye akaenda kuchukua ya kwake chini ya meza. Chupa ile ile, kifuniko kile kile cha bluu. Jirani, kwa roho nzuri kabisa, alimukamulia mafuta ya mawese mu kinywa na kumuingiza kidole kusudi atapike. Njo hiyo iliongeza mabaya: kitu chenye kilichoma koo wakati wa kushuka kilichoma tena wakati wa kupanda, na mafuta ikaenda ku mapafu. Mutoto anaishi. Hakula sawa wengine kwa mezi mingi.

Kwa hiyo mujue na mufundishe wengine, hata leo mangaribi. Mutoto akikunywa javeli, musimutapishe. Musimujaze mafuta ya mawese wala maziwa kwa nguvu. Mumusukutue kinywa na maji, mupanguse midomo; kama anaona vizuri na anaweza kumeza, mumupe maji kidogo kidogo, kisha mukimbie naye ku kituo cha afya, na chupa ile mukononi, juu munganga atauliza ni nini. Ikiingia mu jicho: maji safi yenye kutiririka, dakika 15 hata zaidi, mutoto akilia muache alie, kisha munganga. Kama ni moshi: mutu atoke inje kwanza, milango ifunguliwe, na hakuna mwenye kurudia ndani kumalizia kusafisha.

Tunafika sasa ku maneno magumu, yenye kugusa wenzetu.

Wengi wenye kutengeneza hii javeli ya soko ni vijana sawa sisi. Wako na licence, wamoja ya chemia, ya biolojia, ya afya ya jamii. Walipeleka barua ya kuomba kazi mpaka franka ya fotokopi ikaisha. Wakakusanya kidogo, wakanunua bidoni ya javeli ya nguvu ao ndoo ya HTH, wakaanza. Na mama wa meza, yeye anauzisha kwa rejareja kusudi mutoto wake alipe masomo. Hatutaamka kesho kuomba polisi waende kuwanyanganya. Tunajua sana namna "operesheni" ya usafi inamalizikaka kwetu: agenti anakuja na karatasi yenye muhuri, anachukua chupa kumi, anachukua franka, anaondoka, na kesho javeli iko pale pale, bei imepanda. Serikali yenye hutoza takse ya meza kila siku, na yenye haijawahi kumuuliza mama ndani ya chupa kuko nini, haina haki ya kuanza na fimbo.

Tunaomba waanze na kipimo. Meri za Beni na Butembo ziko na huduma ya usafi. Siku moja kwa wiki, ku kila soko kubwa, agenti mwenye alisoma akae na karatasi za kupima klori (kila shirika lenye kutumika na maji iko nazo), apime javeli ya kila mwenye kuuzisha, bure, na amupe etiketi ya kubandika: jina JAVELI, digri, tarehe, na maneno "usikunywe, usichanganye" mu Kiswahili na Kinande. Bure, tunarudilia. Siku itakuwa na takse, tutajua kama ni takse tu.

Chupa za maji na za jus zikatazwe kwa javeli, lakini baada ya kutoa muda, na kisha kuonyesha chupa gani ya kutumia. Chupa ya rangi nzito yenye mwanga haupite inalinda javeli isikufe na inalinda mutoto asidanganyike, na mu huu muji chupa za namna hiyo haziko haba. Ku Kasindi, kwenye bidhaa zinapita mupaka kutoka Uganda, OCC iko na kazi ya kupima vitu vyenye kuingia: bidoni ya javeli ao ndoo ya HTH yenye haina digri na tarehe yenye kusomeka isipite. Na mashirika yenye kutuletea klori kila ugonjwa ukirudi, tunawashukuru, lakini mbele ya kuondoka muache kijiko na karatasi yenye kusema litre ngapi, mu luga yenye watu wanasoma. Hiyo haigaramie sawa jeep moja.

Kuko tena jambo moja la juu zaidi, na viongozi wanapenda tusiliguse. Juu ya nini familia ya Butembo inatumia javeli mingi hivi? Juu hakuna maji. Mutu mwenye kubeba bidoni ya litre 20 kutoka ku chemchemi, kilima na kilima, hawezi kumwanga ndoo tatu ku choo. Anamwanga moja na kuongeza javeli. Sabuni na maji mingi vinatosha kwa kazi karibu yote ya nyumba: vyombo, sakafu, nguo, mikono. Javeli ni ya siku ya ugonjwa, ya damu, ya kuhara, ya choo ya watu wengi. Kwetu imekuwa ya kila siku juu robine ni kavu. Katiba ya 2006, kipengele cha 48, inasema haki ya kupata maji safi ya kunywa imehakikishwa. Sheria juu ya maji ilitiwa sahihi tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili 2015. Mutoto mwenye alizaliwa siku ile anaenda masomo leo na bidoni ya ndogo mukononi, kwanza achote maji ya mwalimu. Tukiomba chupa ibandikwe jina, hatusahau robine. Tunajua kama wataharakisha kutupa etiketi kusudi tunyamaze juu ya maji. Hatutanyamaza.

Na sisi? Kuanzia siku ya posho yenye kuja, ma-seksio ya Beni na Butembo yatakuwa ku milango ya masoko kuanzia saa mbili ya asubuhi. Tunaleta kalamu nene zenye hazifutike, skoch na karatasi. Mwenye kuuzisha atake ao akatae, hakuna kumulazimisha, hakuna kumupiga picha. Mwenye anakubali, tunaondoa etiketi ya zamani ya maji ao ya jus, tunaandika JAVELI kwa herufi kubwa pande mbili, tunachora kichwa cha mufu kwa wenye hawasome, tunaandika tarehe. Wale wenzetu wenye walisoma chemia, tunawahitaji pale zaidi kuliko wengine. Wasanii wenye kuimba mu Kinande, mutuandikie maneno ya kijiko na litre, yapite ku redio mahali pa ile ya "nawa mikono".

Mu nyumba zenu, musingojee posho. Mutoe javeli mu chupa ya maji usiku huu. Kama hakuna chupa ingine, muandike juu yake, muifunge na kamba nyekundu, muiweke juu ya kabati kwenye mutoto hafike hata akipanda ku kiti. Kwa maji ya kunywa, mutumie vidonge vyenye vilitengenezwa kwa maji na musome ku karatasi yake ni vya litre ngapi, mungojee dakika 30, ao muchemushe. Na ile chupa ya zamani, mbele ya kuitupa, muitoboe, juu kuko mutoto wa jirani mwenye kuokota machupa ya kuuzisha.

Wenye wako na skoch ao kalamu ya kutoa, mutuandikie hapa chini mu jumbe. Karatasi tunayo tayari.